Kipaipu cha Landrova ya Kijiji

Kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya dereva na kulinda petroli. Leo inasikika kama mzaha, lakini siku zile, baada ya watu kuhamishiwa vijijini, kijiji chetu, ndani kutoka Kabuku, kilikuwa na Landrova moja kuukuu, na petroli ilipatikana kwa kibali. Mama mmoja alikuwa amefia kitandani akisubiri kupelekwa hospitali ya Korogwe, kwa sababu tangi lilikuwa kavu. Kwa hiyo hasira ya watu haikuwa ya bure. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Dereva alikuwa mtu wa kuja. Baba yake aliletwa kukata mkonge, na ingawa yeye alizaliwa hukuhuku, na Kizigua alikijua kuliko baadhi yetu, likitokea kosa lolote aliitwa manamba, kibarua wa kuletwa. Petroli ilipoanza kuisha kabla ya wakati wake, maneno yakawa hayohayo: manamba anainyonya, anawauzia wenye malori Kabuku. Halmashauri ya kijiji ikaamua gari lisitoke bila mgambo, na kila linapoondoka na kurudi fimbo itumbukizwe kwenye tangi mbele ya watu. Nikachaguliwa mimi.

Nilipanda nikiamini ni mwizi. Akienda haja, namfuata. Akila, anakula ndani ya gari nimwone. Sikuona kitu, na petroli iliisha vilevile. Fimbo ilitoka imelowa nchani tu.

"Ndugu mgambo," mzee mmoja akaniambia, "sasa mnagawana?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, sijui kwa nini.

Siku moja tukielekea Korogwe injini ikachemka karibu na Segera, mahali tambarare kabisa. Tukasubiri ipoe, tukaongeza maji, naye akaniita mbele ya boneti.

"Njoo umwone mwizi wako."

Kando ya distributa, kile kidude kinachogawa moto kwenye plagi, kulikuwa na kikombe kidogo cha bati. Kutoka hapo kipaipu chembamba kilikwenda mpaka kwenye kabureta. Cha awali kilikuwa cha shaba, kikakatika, na kingine hakikupatikana. Halmashauri ikasema kifungwe kimpira cha vali ya baiskeli, maana vimpira hivyo ndivyo tulivyozibia kila kitu, kuanzia madumu hadi pampu za dawa. Aliwasha injini. Kimpira kilikaa vizuri tu. Kisha akavuta kwa mkono kile chuma cha pedali ya mafuta pale kwenye kabureta, injini ikanguruma, na kimpira kikabonyea, kikawa bapa kama utumbo wa kuku uliokamuliwa.

"Kabureta inavuta, kimpira kinalala," alisema. "Ndani ya kikombe kuna ngozi. Ikivutwa, moto unawahi. Haivutwi, basi moto unachelewa. Gari linakunywa petroli na kuchemka."

"Si uwaambie?"

"Niliwaambia. Mwenyekiti alifungua boneti gari limezimwa, akakishika, akasema mbona kizima."

Na kilikuwa kizima. Ningekuwa mimi mwenyekiti ningesema hivyohivyo, nadhani.

Korogwe alikwenda karakana ya shamba la mkonge alikokuwa na ndugu yake, akapewa kipande cha mpira mgumu, mnene. Akalowesha ncha kwa mate, akachomeka moja kwenye kikombe. Kwenye injini kulikuwa na midomo miwili. Wa chini, alinieleza, unavuta muda wote, hata gari likiwa limesimama, sio wenyewe. Wa juu, pale kwenye kabureta, unavuta ukikanyaga mafuta. Ncha ya pili akaichomeka kwenye huo wa juu. Tuliporudi niliisikia sauti ya injini imekuwa nyepesi, au labda nilitaka kuisikia hivyo.

Lakini petroli ilikuwa imekwisha kuliwa wakati wa kwenda. Fimbo ikatoka kavu. Mkutano ukaitishwa jioni hiyohiyo.

"Ulimwona akiiba?" mwenyekiti aliniuliza.

"Sikumwona."

"Ulikuwa macho njia nzima?"

Dereva alikuwa ananitazama. Nikasema kweli. "Nilisinzia kidogo, tulipopita Segera kurudi. Lakini gari lilikuwa linatembea."

"Manamba hata likitembea ananyonya!" mtu akapiga kelele, na nilipoanza kueleza habari za kipaipu, kicheko kikafunika maneno yangu yote. Kilipotulia, mwenyekiti akauliza, "Wewe ni fundi?"

"Hapana."

"Basi kaa, ndugu."

Kesho yake petroli ya kibali ikatiwa, tukampeleka dereva kituo cha polisi Handeni kwa gari lilelile. Aliyeendesha alikuwa mtu wa ukoo wa mwenyekiti, lakini leseni alikuwa nayo na aliendesha vizuri, siwezi kumsingizia. Dereva wetu alikaa nyuma, mimi kando yake na rungu langu. Njiani injini haikuchemka. Alikuwa ameinamisha kichwa anaisikiliza.

Tuliporudi fimbo ilitoka imelowa mpaka juu ya nusu.

"Mnaona?" mwenyekiti aliwaambia watu, kwa upole tu, bila kujigamba. "Kaondoka mtu mmoja, petroli imekaa."

Nilifungua boneti nikawaonyesha kipaipu. Waliangalia. Nikaanza kueleza habari za moto na ngozi, nikachanganya, nikarudia, nikazidi kuchanganya. Nikafikiri nikichomoe, gari liende hivyo mara moja, waone wenyewe. Lakini nyuma ya umati palikuwa na mzee kashikiliwa na wanawe, anasubiri kupelekwa Korogwe. Nikafunga boneti.

Baadaye tukasikia dereva amefungwa. Mkewe akaamua kurudi kwao Magoma na watoto, nikaenda kumsaidia kubeba mizigo hadi barabarani. Tulipoiweka chini alinigeukia.

"Shemeji, mume wangu aliiba?"

Nilifikiri kwanza, kama kawaida yangu. "Sikumwona akiiba."

"Sikukuuliza uliona nini," alisema.

Lori likaja. Alipandisha watoto kwanza, kisha mizigo, hakutaka nishike hata mmoja.