Tumaini wangu amekataa kurusha ndege

Binti yangu Tumaini, rubani, leo amekataa kurusha ndege na bado ana kazi yake!

Asubuhi nilikuwa napanga viazi hapa sokoni Njombe, akapiga simu. Kampuni imemwongezea safari nyingine wakati saa anazoruhusiwa kuruka zimeisha na amechoka.

Mimi na woga wangu: "Ruka tu mwanangu, watakufukuza."

Akaniuliza, "Mama, na kama abiria angekuwa wewe?"

Viazi vikanidondoka.

Nikamwambia, "Kataa."

Mchana kapiga tena. Marubani wenzake wote wamesimama naye, safari imesogezwa hadi kesho.

Mama Upendo wa Ilembula, uliyesema urubani si kazi ya mwanamke, soma mara mbili.

Tumaini anakuja mapumziko. Jogoo nimeshamfunga kamba. Karibuni wote nyumbani kwangu, Jumapili baada ya ibada.