Tableti Isiyo na Sauti

Pauline Nzisa hakuzaliwa mtu wa kubembeleza. Kule Athi River, kwenye kiwanda cha nguo ndani ya EPZ, lile eneo la viwanda vya kuuza ng'ambo, kazi yake ni kushona kola. Supavaiza akimpigia kelele, yeye huinua uso, akamwangalia tu, halafu akarudi kwenye cherehani yake bila haraka. Amefutwa kazi? Wapi! Kola zake haziendi kombo, na hilo hata supavaiza mwenyewe analijua.

Lakini mwaka huu kulikuwa na jambo lililomkosesha usingizi, na halikuwa la kiwanda. Lilikuwa la Mutheu, mdogo wake aliyebaki nyumbani Kivaa.

Mutheu hasikii tangu utotoni, na shule hakupelekwa. Baba yao alisema ni kutupa karo, na mambo yakaishia hapo. Kwa hivyo hawezi kusoma meseji wala kuandika. Lugha yake ni ile ya mikono waliyoitunga wenyewe, yeye na Pauline, wakichunga mbuzi. Mama ni kufunga kitambaa kichwani. Mvua ni vidole vyote vinavyoshuka. Kaka yao Ndunda ni kuvuta masikio yote mawili, maana Mungu alimjalia masikio makubwa ajabu na hayajawahi kumsaidia kumsikiliza mtu. Na shamba, basi hilo ndilo kubwa: unanyoosha mikono yote miwili mpaka mwisho, kama mtu anayetaka kulikumbatia bonde zima. Mama aliijua lugha hiyo, lakini mama alishafariki. Wa kuzungumza na Mutheu akabaki Pauline peke yake, na Pauline yuko mbali.

Basi jioni moja Ndunda akapiga simu.

"Pauline, lile shamba la Mutheu la mtoni nimepata mtu wa kupanda tikiti. Atalikodi miaka kumi. Mutheu atahamia kwangu, nitampa chumba."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Amekubali. Alitikisa kichwa, hata leso nikampa akapokea."

"Ai, Ndunda! Mutheu hutikisia kichwa hata mbuzi! Mtu akimwangalia sana anatikisa ili mtu aondoke!"

"Sasa wewe ulitaka bubu aseme nini? Wazee wa ukoo wanakuja Jumatano saa saba tumalize maneno."

"Usimwite bubu. Na Jumatano unajua niko kazini."

"Kazi ni kazi," Ndunda akasema, na simu ikakatika.

Alijua, bwana. Aliichagua Jumatano kwa sababu alijua. Shamba hilo mama aliliacha mikononi mwa Mutheu, na Mutheu hulilima mwenyewe, ndengu na mbaazi, haombi mtu chumvi. Likichukuliwa, atakuwa mgeni katika nyumba ya kaka yake, wa kuosha sufuria za wenyewe mpaka azeeke. Pauline alilia, lakini kwa hasira, na kesho yake akaenda kuomba ruhusa. Supavaiza akamwambia kuna oda ya kumaliza, asiyetaka kazi aseme. Pauline akamwangalia tu.

Simu ndogo Mutheu alikuwa nayo. Pauline alimnunulia mwaka jana ili waonane kwa video, lakini ilikuwa kazi bure. Ukionekana uso, mikono imepotea. Ukitaka kuona mikono, simu inashikwa na nani? Ukiiegemeza mbali, kioo chake kidogo hakionyeshi vidole. Huwezi kumwambia mtu azungumze huku umemfunga mkono mmoja. Hapo ndipo wazo la tableti lilipomjia, tena ile ya bei ya chini, kwa sababu pesa za ovataimu si mto.

Jumamosi mchana alishuka Machakos mjini, akaingia duka la simu la kijana mmoja anayeitwa Bonface. Bonface ni mtu wa maneno matamu.

"Karibu auntie! Tableti? Uko mahali pazuri. Ni ya mtoto wa shule?"

"Ni ya dada yangu. Niko na elfu kumi na mbili, na usinipandishie."

Bonface akatoa ya inchi saba, nyepesi, elfu nane tu. Pauline akaomba iwashwe kamera ya mbele, akaiegemeza kwenye sanduku juu ya kaunta, akarudi nyuma hatua chache, akanyoosha mikono yote miwili. Wateja wakageuka. Mama mmoja aliyekuja kununua chaja akavuta mkoba wake karibu. Kwenye kioo alionekana Pauline mwenye kichwa na viwiko, vidole hakuna.

"Ndogo," akasema. "Lete kubwa."

"Auntie, kwani unafanya mazoezi?"

"Lete kubwa, mwanangu."

Kubwa ilikuja, inchi kumi, inang'aa, elfu kumi na moja. Bonface akaongeza sauti, muziki ukalipuka mpaka glasi za kaunta zikatetemeka. "Spika nne! Hata ukiwa nje unaisikia. Hii ni moto!"

"Spika sina haja nazo. Laini inaingia wapi?"

Bonface akajikuna. "Hii ni ya wifi, auntie. Siku hizi wifi iko kila mahali."

"Kivaa?"

"Kivaa ni wapi?"

"Basi rudisha hiyo kitu yako."

Bonface akabakiwa na moja ya kumwonyesha, ya inchi kumi, inayoingia laini, yenye kifuniko kinachokunjwa nyuma ikasimama yenyewe mezani. Kamera ya mbele ilikuwa safi. Pauline alinyoosha mikono, na vidole vyake vikatoshea kioo, huku na huku, vyote kumi. Moyo ukamruka. Akauliza bei, akaambiwa elfu kumi na nane, moyo ukarudi mahali pake.

Mtu mwingine angeondoka. Pauline alivuta stuli, akaketi.

"Mimi siondoki. Angalia huko nyuma kama iko nyingine kama hii, hata kama imechubuka."

Bonface alicheka, akanung'unika, akaenda kutafuta, akarudi na aina ile ile, imekwaruzwa ukingoni. Aliishika kama mtu aliyeshika sahani iliyopasuka. "Hii ilikuwa ya kuonyesha wateja. Lakini auntie, sitaki unirudie na maneno. Spika imekufa. Haitoi sauti hata kidogo."

"Maiki inafanya kazi?"

"Maiki iko sawa. Ni sauti ya kutoka ndiyo hakuna. Hakuna mtu anaitaka."

Pauline alicheka mpaka akashika kaunta. Loo, alicheka! Wiki nzima hakuwa amecheka. "Ndiyo ninayoitaka mimi. Elfu kumi, na kifuniko juu."

"Elfu kumi na mbili."

"Kitu ambacho hakuna mtu anakitaka? Kumi na moja, na uwashe nione betri."

Jumapili asubuhi alikuwa Kivaa, kwa Mutheu. Aliisimamisha tableti juu ya kabati karibu na dirisha, mahali mtandao unapopatikana, akamwonyesha Mutheu pa kubonyeza na jinsi ya kuichaji kwa sola. Kisha akatoka nje na simu yake, akaiegemeza ukutani nyuma ya choo, akapiga, akarudi nyuma. Mutheu alipomwona dada yake mzima kwenye kioo, kichwa na mikono na vidole, alipiga kofi. Walizungumza hivyo nusu saa, mmoja ndani, mmoja nje, mpaka majirani wakauliza Pauline anapungia nani mikono huko chooni.

Habari ya shamba hakuiweka kwenye simu. Aliingia ndani akamwambia ana kwa ana: masikio mawili, shamba, kutoa, miaka vidole kumi. Mutheu aliinuka ghafla. Hakuwa amejua. Alidhani leso ilikuwa ni zawadi tu, kwamba kaka amemkumbuka. Wakapatana kwamba Jumatano, wazee wakifika, Pauline atapiga na yeye atajibu.

Jumatano saa saba, king'ora cha chakula kilipolia, Pauline alikwenda kuketi kando ya ukuta wa kantini. Bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, aliliweka chini, simu akaiegemeza kwenye chupa ya maji. Kule Kivaa tableti ikawaka, Mutheu akabonyeza, akarudi kuketi. Mutheu alikuwa kwenye kochi, leso ya Ndunda mabegani, Ndunda mwenyewe kando yake, na wazee wawili upande wa pili.

"Hiyo nini?" Ndunda akauliza. "Nani huyo? Pauline?"

Pauline aliinua mikono. Maiki ilikuwa inampa kila neno, na kila neno alilisema kwa mikono. Ndunda aliposema mdogo wake amekubali, Pauline alilisema. Aliposema mwanamke hawezi shamba peke yake, Pauline alilisema hilo pia, kwa ghadhabu. Mutheu hakuwa na haja ya kuangalia midomo ya mtu. Alimwangalia dada yake.

"Pauline, sema kitu! Unapunga punga nini?" Ndunda alivamia tableti, akabonyeza pembeni kuongeza sauti, akabonyeza tena. Hakuna kitu. Akaitikisa. Akaiweka sikioni, lile sikio lake kubwa. "Hii imeharibika! Mbona sisikii?"

Mutheu alimnyang'anya, akairudisha ilipokuwa, akakaa. Kisha akaanza kusema. Alijipiga kifua. Kwa mikono mitupu alifunga kitambaa cha mama kichwani. Akanyoosha mikono yote miwili, shamba zima, vidole vikagusa kingo za kioo huku na huku, akalivuta lote kifuani na kulifungia hapo. Pauline, ukutani Athi River, alikuwa analia waziwazi na wasichana wa laini yake ya kushona wanamtazama, na hakujali.

Halafu Mutheu akavua leso mabegani. Aliikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka mapajani mwa kaka yake, akaondoa mkono.

Ndunda aliitazama ile leso. Akawatazama wazee. Akageukia tableti, na kwa mara ya kwanza tangu mdogo wake azaliwe, akauliza.

"Mutheu amesema nini?"

Mzee mmoja alikuwa tayari anavaa kofia yake. "Amekataa, Ndunda," akasema. "Kwani wewe huoni?"