Chumba cha Mbele

Mimi na wifi yangu hatupikiki chungu kimoja, nisiwadanganye. Alipoolewa na kaka yangu nilimbatiza Waziri wa Fedha, na hadi leo nikimwita hivyo anaitika. Kwa hiyo nikisimulia habari za nyumba yao, mjue anayesimulia ana lake moyoni.

Kaka alikuwa dereva wa lori. Ujana wake wote alilala kwenye kiti cha lori, magoti yamegusa usukani. Alipojenga, alianza na chumba cha mbele, akakiwekea dirisha pana kuliko mlango, hadi mafundi wakamcheka. Baadaye akaongeza vyumba vya nyuma vya kupangisha, ili uzeeni wasiende kuomba chumvi kwa jirani. Mpango mzuri, tena sana.

Alistaafu miguu imeshachoka, ndipo paa likaanza kuvuja. Wapangaji wa nyuma waliweka ndoo, wakaweka masufuria, kisha wakaanza kuulizia nyumba kwingine. Wifi akaita fundi. Fundi akapanda darini akanyamaza, na fundi akinyamaza darini, wewe tafuta pesa. Mchwa walikuwa wamemaliza mbao. Akiba haikutosha.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," wifi alimwambia kaka. "Mume wangu, tuhamie stoo kwa muda. Chumba cha mbele tukipangishe, kodi yake imalize paa. Paa likiisha, unarudi kwenye dirisha lako."

Stoo yenyewe ilikuwa ubavuni mwa choo, haina dirisha, ina tundu tu la hewa. Nilipandwa na mori. "We Waziri, mwenye nyumba unamlaza na majembe?" Kaka ndiye aliyenituliza. "Dada, ni kwa muda. Mimi nimezoea kujikunja."

Paa likaisha. Kabla kaka hajakusanya shuka zake, nyaya za umeme zikaungua upande wa nyuma. Fundi umeme akabandua plasta kufuata waya, akakuta bomba linavuja ndani ya ukuta. Akaitwa fundi bomba. Naye akabomoa, akakuta msingi umelowa. Kila fundi alikuja kutengeneza kimoja, akaondoka ametuonyesha viwili. Kodi ikipokelewa kwa mkono huu, mkono wa pili unaipeleka dukani kununua saruji. Na wapangaji, ukarabati ukifika mlangoni mwao, hawalipi: vumbi, kelele, maji hakuna. Walikuwa na haki, na ndio ubaya wenyewe. Tuliziba ufa, tukajenga na ukuta, na ukuta nao ukapasuka.

Kaka akaanza kukohoa, vumbi lote lile na hewa ya tundu moja. Kila nikimtembelea swali lake ni lile lile: "Wamefika wapi?" Nilikuwa namdanganya kwamba wanakaribia kumaliza.

Hatimaye mpangaji wa mbele akahama. Nilifurahi, acheni tu. Na wifi, hapo simnyimi haki yake, alikipaka rangi chumba kile kwa mikono yake mwenyewe, akashona pazia jipya. Tukapanga kumhamisha kaka Jumamosi.

Ijumaa shimo la choo likatitia. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Wao hawakuishi uani kwetu. Wapangaji walitoka wameziba pua, wakaapa kwamba shimo lisipojengwa upya wanahama wote. Jioni hiyo hiyo akaja bwana mmoja na mkewe, wameipenda ile rangi mpya. Wifi aliwaambia ukweli kuhusu shimo. Wakasema hawajali, watalipa kodi ya mwaka mzima, na pesa hizo hizo zilijenge.

Wifi alinitazama. Nilikuwa nangoja aseme neno moja tu nimrarue. Badala yake alikaa pale mlangoni akalia. Na mdomo wangu wote huu, ningemwambia nini? Akazipokea zile pesa.

Kaka alipoambiwa alisema, "Sawa," akageukia ukutani. Tangu hapo hakuuliza tena wamefika wapi. Hilo liliniuma kuliko kile kikohozi.

Alifariki shimo likiwa bado halijafunikwa. Asubuhi watu wakajaa uani, na ndipo tulipotanabahi kwamba hatuna mahali pa kumlaza ili waje wamuage. Stoo haiingii watu watatu. Vyumba vingine vyote vina wenyewe. Wifi alikuwa anaangalia chini tu. Basi nikaenda mimi, dada mtu, hadi kwenye chumba alichojenga kaka yangu, nikapiga hodi.

Mke wa mpangaji akafungua. Nikamwambia tunaomba kuazima chumba, hadi saa ya mazishi tu. Wakatoa kitanda chao nje, Mungu awabariki. Tukamlaza kaka humo, watu wakapita mmoja mmoja.

Tuliporudi kutoka makaburini tulifagia, tukawarudishia kitanda chao mahali pake. Wifi, macho yamemvimba, akamwambia yule bwana, "Siku ya leo nitaitoa kwenye kodi yenu ya mwakani."

"Mama, haina haja."

"Hapana. Chumba ni chenu, na leo hamkukaa."

Nikamshika mkono, tukarudi stoo.