Kibuyu cha Kitanda cha Dirishani

Wivu wangu ulianza na yai.

Binti yangu alikuwa amemwagikiwa na uji moto nyumbani kwetu mtaa wa West Indies, hapa Eldoret, kutoka shingoni hadi kwenye kiwiko. Mtaalamu wa lishe pale wodini alinieleza wazi: mtoto aliyeungua lazima ale kuliko wenzake, mayai, samaki, maziwa, ndiyo ngozi ipate cha kujijengea. Wa mazoezi naye akasema mkono uinuliwe kila siku, la sivyo kovu litashika kwapa na hatauinua tena. Haya. Mimi ni mtu wa ziwa, nikampikia omena, dagaa wa kwetu, nikamchemshia mayai. Akafunga mdomo. Nikigusa mkono analia, "Woi, mama!" nami nauacha.

Kwenye kitanda cha dirishani alikuwepo mama aliyetoka Ainabkoi na mtoto wake aliyeungua mgongo. Mtoto huyo alimaliza mayai yote! Nkt. Mamake alikuwa na kibuyu cha mursik, yale maziwa lala yenye mkaa, ambayo mtaalamu alikuwa amemkubalia, na pia alikuwa na mchezo wake. Mtoto anatembea hadi mlangoni na kurudi, mikono juu, kama mwanariadha aliyeletea Eldoret medali, ndipo anapokewa kwa kibuyu. Wodi nzima inapiga makofi.

"Hata mimi nataka kushinda," binti yangu akasema.

Kushinda nini, na omena yangu inapoa? Lakini alienda. Mkono ulifika kifuani, siku zilizofuata ukafika begani. Akanywa, akabaki na masharubu ya kijivu, akicheka.

"Dada, si leo wewe ndiye umpokee?" yule mama akaniuliza.

"Niko sawa, asante," nikamjibu. Tunaambiwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mbona basi wangu alilia kwangu na kunyamaza kwa mwingine?

Siku waliyoruhusiwa kwenda nyumbani, yule mama alituachia kibuyu. Nikakishika, nikasimama katikati ya wodi, nikamwita binti yangu. "Njoo ushinde, mama."

Yeye alikuwa anatazama mlangoni. Mkono ukapanda, ukapita bega, ukapita sikio, ukanyooka wote. Alikuwa anawapungia yule mama na mtoto wake wakitoka.

Nilipiga makofi na wengine, kibuyu nimekibana kwapani, machozi yakinitoka. Kisha akanigeukia, akaniuliza yule mama atarudi lini.