Nilivyoliliwa Njiani Kwenda Vudee

Landrova ya misheni ilikuwa na nafasi ya watu watatu mbele, lakini siku ile nafasi ya katikati ilikaliwa na kasha la chupa za dawa. Dereva alisema chupa ni kama mayai, na mayai hayapandi mlima yakiwa nyuma. Kwa hiyo mimi, mkunga mpya wa zahanati ya Vudee, nilipangiwa nyuma pamoja na mizigo mingine.

Nilikuwa msichana wa Shighatini, kule Ugweno, Upare ya Kaskazini, nimetoka tu kumaliza mafunzo ya ukunga, na Upare ya Kusini nilikuwa sijawahi kuikanyaga. Enzi zile za Mwingereza, mtu wa Ugweno aliyepangiwa kazi Vudee alionekana kama amepelekwa ng'ambo. Mama alinishonea godoro la sufi, akalifunga kwa kamba huku analia. Mimi sikulia, ila nilikuwa na hofu moja: Kigweno chetu si Kipare chao, na nilijiuliza mwanamke mwenye uchungu, aliyesahau hata Kiswahili kwa maumivu, atanielewaje nikimwambia asukume.

Tulipakia mizigo stesheni ya Same, asubuhi, jua likiwa tayari kali. Dereva alikuwa mwenyeji wa pale mjini, Mwislamu mcha Mungu aliyerudi kutoka vita vya Burma na imani moja ya ziada, kwamba mzigo ni adui.

"Mzigo unakuvizia, bibi nesi," aliniambia. "Unangoja usahau. Ukisahau tu, unakupiga kisogoni."

Abiria mwenzangu alikuwa mzee wa kanisa kutoka Vudee, mtu mfupi aliyevaa koti zito la sufi katika joto lile bila kutoa hata tone la jasho. Alikuwa ameshuka kuipokea kengele. Kanisa lao lilikuwa likiita waumini kwa kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, na washarika walikuwa wameuza kahawa na kuku kwa miaka hadi wakapata kengele ya kweli. Ilikuja kwa treni kutoka Tanga, ya shaba, nzito kiasi kwamba wapagazi waliiteremsha huku wakiimba na kutukana kwa zamu. Ikisimama ilinipita magoti.

Ugomvi ulianzia hapo.

"Ilale," alisema dereva. "Kizito chini, kizito mbele, nyuma ya viti vyetu. Ndiyo sheria."

"Kengele hailazwi," alisema mzee. "Hii imeshaombewa. Itapanda mlima imesimama, kama Mkristo."

"Mzee wangu, ikisimama, kona ya kwanza itaanguka. Na itamwangukia nesi. Utamwambia nini daktari wa misheni?"

Mzee akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyotarajia, nikaona kabisa kwamba swali lile halikuwa rahisi kwake. Hatimaye akakubali ilale, kwa sharti kwamba kichwa chake kielekee Vudee na mdomo uelekee nyuma, ulikobaki ulimwengu. Dereva alikuwa amekusudia kuilaza hivyo hivyo tangu mwanzo, lakini alijifanya kushindwa, na kila mmoja akaondoka ameridhika.

Ukaja ugomvi wa ulimi. Ulimi wa kengele, kile chuma kinachogonga ndani, haukufunguka. Parafujo zake zilikuwa zimepakwa rangi pamoja na kila kitu. Dereva akaleta gunia kuukuu ili azibe mdomo wote.

Mzee akalinusa. "Hili limebeba dagaa."

"Zamani."

"Dagaa mdomoni mwa kengele ya Bwana?"

Akatoa leso yake mwenyewe, nyeupe, iliyopigwa pasi, akauvika ulimi ule kama anayemfunga mtoto nepi, kisha akaufunga ubavuni mwa kengele kwa uzi wa katani. Dereva alitazama kazi ile kama daktari anayemtazama mganga wa kienyeji.

Vingine vikaingia bila maneno. Kitanda cha chuma cha kuzalishia, kilichofunguliwa vipande vipande, kilisukumwa upande mmoja wa kengele, na gunia la chumvi upande wa pili, ili isibingirike. Sanduku langu la bati likakaa juu ya chumvi. Debe la mafuta ya taa likafungwa peke yake kwenye kona ya mlango, kama mfungwa. Dereva akapitisha kamba za katani kwa mishazari, na kila alipokaza moja aliipiga kwa kidole na kuisikiliza, mpaka zote zikatoa sauti aliyoitaka. Kisha godoro langu likatandazwa katikati, na juu ya godoro nikawekwa mimi, nimevaa gauni jeupe la kazi na soksi ndefu nyeupe, maana mkuu wetu wa chuo alisisitiza tuwasili vituoni tukiwa nadhifu.

"Usiinuke ovyo," dereva alisema. "Ukiinuka mzigo utalegea. Na wewe sasa ni sehemu ya mzigo."

Bondeni safari ilikuwa vumbi tu. Tuliiacha barabara kuu, tukapita miiba na mikonge, tukaanza kupanda, na hewa ikabadilika ghafla kama mtu aliyefungua mlango. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi migombani. Manyunyu yalipoanza, dereva alisimamisha gari penye tambarare ya mwisho, akatufunika mimi na mizigo kwa turubai, akalifunga pembe zote.

"Unapumua?" aliuliza kutoka nje.

"Napumua."

"Basi."

Kona ya pili ya mlima, leso ya mzee ilichanika, uzi ukakatika, ulimi ukawa huru.

Mtu ambaye hajawahi kulala chini ya turubai pamoja na kengele hawezi kunielewa. Sauti haikuingia masikioni. Iliingia kwenye meno, ikashuka mgongoni, ikatokea magotini.

"Nini hicho?" mzee alipiga kelele kutoka mbele, kana kwamba kulikuwa na mambo mengi ambayo yangeweza kuwa.

"Simama!" nikasema.

"Hapa hatusimami!" akajibu dereva. "Breki ya mkono haishiki kwenye mteremko. Nikisimama tunarudi Same kinyumenyume. Bibi nesi, ukamate ulimi! Ukamate kwa mikono yote!"

Nikajivuta mpaka kichwa changu kikawa mdomoni mwa kengele, nikaingiza mikono, nikaukumbatia ule ulimi kifuani. Kengele ikanyamaza. Lakini kwa kujivuta vile mwili wangu wote ulinyooka, chali, na turubai likavutika mbele pamoja nami, likabaki limefunika kila kitu isipokuwa miguu yangu, kuanzia vifundoni, ndani ya soksi nyeupe.

Milima ile ilikuwa ikiijua kengele ya misheni ya jirani. Ikilia siku ya kazi ilikuwa na maana moja tu, kwamba mtu amefariki. Na yetu ilikuwa imeshalia vya kutosha kabla sijaikamata. Wanawake waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe kando ya njia walisimama. Nilimsikia mmoja akiuliza kwa sauti ya kutetemeka, "Ni nani?"

Mzee wa kanisa, ambaye masikio yake yalikuwa bado yamejaa kengele, alidhani anaulizwa ni nani aliyepakiwa nyuma.

"Ni nesi!" akajibu kwa fahari. "Nesi wenu mpya!"

Yowe likapaa.

Gari lilipanda polepole kiasi kwamba mtu mwenye mzigo kichwani angeweza kuandamana nalo, na watu waliandamana. Wengine walikata njia za mkato, na habari ikapanda moja kwa moja, kutoka boma hadi boma, wakati sisi tunazunguka na kona. Niliwasikia wakiitana kutoka mgongo mmoja wa mlima hadi mwingine. Maneno mengine ya Kipare sikuyaelewa, lakini kilio hakina lugha.

Mwanamke mmoja akafika nyuma kabisa ya gari. Nikasikia mkono wake ukishika mguu wangu, ambao kwa ukungu na soksi mbichi ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni.

"Ameshapoa!" akasema.

Nikachezesha vidole.

Alipiga ukelele wa aina nyingine, na nyayo zikakimbia. Kukazuka mabishano. Ndipo nikasikia sauti ya mwanaume mzee, yenye utulivu wa mtu aliyeona mengi, akisema kwa Kiswahili safi, "Hapana. Ni gari linamtikisa."

Wote wakakubali ni gari.

Nikaamua kusema. Lakini ili niinue turubai nilihitaji mkono mmoja, na ulimi ule haukutosheka na mkono mmoja. Nilipouachia nikaita, "Mimi mzima!", kengele ikanimeza: ngo, ngo, ngo. Vilio vikazidi. Nikaukamata tena. Nikajaribu kuita nikiwa nimeukumbatia. Sauti yangu ikazunguka ndani ya shaba na kutoka kama mngurumo wa kitu kisicho na umri. Waliokuwa karibu wakarudi nyuma, mmoja akaanza wimbo wa mazishi, wengine wakaupokea.

Basi nikalala kimya, nikasikiliza. Sikuwa na la kufanya. Na kwa kweli, ilinigusa. Watu wale hawakunijua. Lakini kulikuwa na mama mmoja, mwenye sauti ya juu kuliko wote, aliyekuwa akilia kwa Kiswahili labda kwa heshima yangu mimi mgeni: "Mtoto wa watu jamani! Amekuja kutuzalishia, hata uso wake hatujauona! Mama yake atasema tulimfanya nini!" Nilijikuta na mimi ninalia. Nilimlilia yule binti wa Ugweno, aliyekufa akiwa bado mdogo hivyo, mbali na kwao. Machozi yalinitiririkia masikioni, na sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa kazini.

Tulifika uwanja wa kanisa umejaa. Vyungu vya makande vilikuwa vimeshatelekwa mekoni. Wanaume walikuwa wameegemea majembe, wakibishana: wengine walitaka nizikwe pale pale, maana nimefia njiani kuwatumikia, wengine walisema ni aibu, marehemu ana ukoo, arudishwe Ugweno na landrova hiyo hiyo.

Gari lilisimama mahali pa bapa. Nikaanza kupiga turubai kwa magoti. "Nifungulieni!"

Wenye majembe wakayainua.

"Mfungulie haraka!" mzee wa kanisa alimwambia dereva, kwa sababu sasa ndiyo kwanza alikuwa ameelewa watu wale wanalia nini, na uso wake ulikuwa umepauka.

"Haraka ndiyo inayoua watu," dereva akajibu. "Kamba ya mwisho kufungwa ndiyo ya kwanza kufunguliwa." Akazunguka gari kwa utaratibu wake, fundo moja baada ya jingine, watu wakimfuata kwa macho. "Wallahi nilimpakia akiwa mzima," aliwaambia alipopita mbele yao.

"Nani alishuhudia?" akauliza mmoja wa wenye majembe.

Turubai likatoka. Nikaketi. Nywele zilikuwa zimesimama, na uso wangu, nilikuja kuambiwa, ulikuwa mweusi kwa grisi ya kiwandani iliyobaki ndani ya kengele, isipokuwa mistari miwili ya machozi. Watu wakarudi nyuma kama wimbi moja. Nikasema lile nililofundishwa na mama kusema kila ninapowakuta watu wazima.

"Shikamooni."

Bibi kizee mmoja, kwa mazoea tu, kabla hajakumbuka kuogopa, akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu."

Hilo ndilo lililoniokoa. Mtu akishakuamkia na ukamwitikia, huwezi tena kudai kwamba amekufa. Watu walimgeukia yule bibi, wakanigeukia mimi, wakamgeukia tena bibi, na mwanaume mmoja akaliweka jembe lake chini.

Hata hivyo hawakufurahi mara moja. Mzee wa kanisa aliwaeleza habari ya leso, ya breki, ya ulimi, na kadiri alivyoeleza ndivyo jambo lilivyozidi kuonekana la uongo. Mwisho mwenye boma jirani akasema kwa hasira kidogo, "Sawa. Lakini sisi tumeshalia."

Machozi hayarudishwi, wala makande yaliyochemka hayarudi guniani. Wakakubaliana kwamba tule. Tukala msiba wangu, mimi nimekaa katikati kama mfiwa mkuu, nikipewa pole na hongera kwa mdomo mmoja. Dereva alikula, akasifu chumvi, akashusha kengele pamoja na vijana, akateremka Same gari likiwa tupu, akilalamika kwamba gari tupu nalo ni adui.

Kesho yake zahanati ilijaa. Sijawahi kuona wagonjwa wazima namna ile. Mmoja alikuja akilalamika kichwa kinamuuma, akanishika mkono, akasema kichwa kimepona. Mwingine alikuja kuniuliza saa. Walitaka tu kunigusa, na waliponigusa walitazamana. Kwa wiki kadhaa nilikuwa mkunga aliyeshikwa mikono kuliko yeyote Upareni, na sikuwa nimezalisha hata mtoto mmoja.

Kisha akaja yule mama wa sauti ya juu. Nilimjua alipoongea tu. Alikuwa na mimba pevu, na uchungu ulikuwa umeshamkolea, lakini alisimama mlangoni akashikilia fremu.

"Sizalishwi na mtu niliyemlilia," akasema.

"Basi nizalishwe mimi na wewe," nikamwambia, "lakini ingia ndani, mama, mtoto hatasubiri tumalize."

Akacheka, na kicheko kikageuka uchungu, nikamlaza kitandani. Alinikamata kifundo cha mkono hapo hapo kwenye mshipa, na hakuniachia. Maumivu yalipompanda akapoteza Kiswahili kama nilivyohofia, nami nikapoteza Kiswahili changu. Nilimwambia asukume kwa Kigweno, akanijibu kwa Kipare maneno ambayo mpaka leo sijayatafuta maana, na akasukuma. Alizaliwa mtoto wa kike, mwenye hasira.

Nilipomweka kifuani kwake, bado mkono wake mwingine ulikuwa kwenye mshipa wangu.

"Unapiga," akasema kwa mshangao, na akalala usingizi.