Anayegawa Awe wa Mwisho

Tangu niingie kidato cha kwanza sijawahi kusema neno kwenye mdahalo. Jumamosi hii nilijiapiza kwamba nitasema, angalau mara moja, maana mwalimu aliruhusu tutumie Kiswahili badala ya Kiingereza kwa kuwa mada ilikuwa nzito: serikali iliyo bora ni ipi.

Bwaloni wengine walitaka chama kimoja, kwamba baba wawili nyumba moja ni ugomvi. Wengine wakataka vyama vingi, kwamba huyo baba mmoja akiwa mlevi je? Mimi nilikuwa najiuliza mbona wote wanabishana nani atawale, hakuna anayeuliza atagawaje.

Nikanyoosha mkono. Nikasimama.

"Nyumbani kwetu Kirumba mama ndiye anayemkata samaki wetu, sato," nikasema. "Sisi tunachagua, yeye anachukua kinachobaki. Ndiyo maana vipande vyake vinalingana. Serikali bora ni hiyo. Anayegawa awe wa mwisho."

Wakanipigia meza. Ndipo dada mmoja wa kidato cha nne, mwenyeji wa Magu, akasimama taratibu.

"Mdogo wangu, kwani hapa viranja wa meza hawajipakulii mwisho?"

"Wanajipakulia mwisho."

"Na maharage yanakaa wapi kwenye sufuria?"

 Kila mtu anajua maharage yanazama. Wa kwanza tunapewa mchuzi, kiranja anakuta mazito yote yanamsubiri chini.

"Haya, kaa. Serikali yako imeshashiba."

Bwalo zima likacheka, hata mimi, huku nataka kulia. Lakini sikukaa, swali lake lilikuwa limeninasa.

"Basi akoroge kwanza," nikasema. "Tena tukimwangalia."

Jana mchana kiranja wa meza yetu akanisukumia upawa. "Gawa wewe, mheshimiwa."

Wenzangu tisa wakanikazia macho. Nikakoroga mpaka chini, nikaanza kugawa sawasawa. Hapa naandika ukweli kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: nilipofika sahani ya saba, mkono wangu wenyewe ulianza kuchota juu juu. Hakuna aliyeona. Waliokwisha kupata walikuwa wameinamia ugali wao, na waliobaki walikuwa wakipiga soga.

Nilisimamisha upawa. Uso ulikuwa unawaka.

"Jamani, niangalieni," nikasema. "Bado sijamaliza."