Nyumba Niliyomwachia Mama Ailinde

Nakumbuka siku moja, zikiwa zimesalia siku nne nirudi Ujerumani, dada yangu Wakesho alinitoa jikoni kwa mama na kuufunga mlango nyuma yetu. Tulikuwa Wundanyi, juu milimani, ambako mama aliishi peke yake. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameteleza kwenye matuta ya shamba, akalala kwenye umande hadi jirani alipomwona.

"Kwangu kule Kaloleni nimemtengea chumba," alisema Wakesho, ambaye ni mwalimu na anaishi mtaa huo mjini Voi. "Hataki. Anasema hawezi kuiacha hii nyumba uliyojenga hapa bila mtu. Kila Krismasi unamwambia mwakani unarudi. Unarudi?"

Nikacheka. "Kwani Wakesho umekuwa polisi?"

"Nimekuuliza, kaka."

Mwanangu, wewe kijana unayejiandaa kwenda ughaibuni, ukweli niliujua kwa miaka mingi. Watoto wangu walizaliwa kule, mke wangu anaipenda kazi yake, nami nilikuwa nimezoea kuishi mahali ambapo hakuna anayeniuliza mimi ni wa ukoo gani. Ile "mwakani" ilinituliza mimi, haikumsaidia mama.

Nikarudi ndani. "Mama, nitakuwa nakuja kukuona. Lakini kuishi hapa, sirudi."

Aliendelea kuchambua maharagwe.

"Kumbe miaka yote hii nafagia nyumba ya mgeni," alisema hatimaye.

Siku tatu hakunisemesha. Kwetu Wadawida, yaani Wataita, mwenye hasira hupiga funda la maji, akayapuliza huku akitamka kilichomuudhi, ili kinyongo kisimfuate msafiri. Tunaita kutasa. Wakesho alimwomba mama atase mara mbili, akakataa. Asubuhi ya safari, mizigo ikiwa tayari garini, ndipo alipotoka na kikombe cha maji.

"Nilikasirika kwa kuwa ulinidanganya. Kuondoka uliondoka zamani."

Akapuliza maji mbele ya miguu yangu. Kisha akamgeukia Wakesho: "Njoo Jumamosi unichukue. Na kuku wangu nakuja nao, majirani zako wapende wasipende."

Mwanangu, ukiamua kubaki ughaibuni, baki. Ukiamua kurudi, rudi. Sijaona aibu katika lolote kati ya hayo. Ila usimwache mzazi apange uzee wake kwa kufuata neno ambalo hata wewe mwenyewe huliamini. Mwambie mapema, ana kwa ana, na ukubali akukasirikie. Mungu akupe ujasiri huo, akulinde uendako, na wazazi wako wakutaje kwa moyo mweupe.